Waliohesabu Damu ya Nyika

Kila nipitapo Bendera, pale milima ya Upare inapoinamia nyika ya Mkomazi, huwakumbuka watu ambao hapana barabara iliyopewa jina lao: vibarua na wapimaji wa mradi wa malaria wa Pare na Taveta, ulioendeshwa miaka ya 1950 na taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, huko Usambara.

Kazi yao haikuwa ya fahari. Ilikuwa kupuliza dawa ya mbu, dieldrini, kutani na darini, mwenye nyumba akiwa amekwisha toa nje vyungu na vitanda. Kutandaza shuka nyeupe sakafuni alfajiri, kupuliza pareto, kisha kuwaokota mbu mmoja mmoja kwa koleo ndogo. Na kumbembeleza mama amtoe mwanawe achomwe kidole, ili tone lipakwe kiooni, litiwe nambari, lifike salama kwenye hadubini. Tena waliuliza habari za vifo: mtoto alifariki lini, alikuwa na miezi mingapi? Naona swali hilo lilikuwa zito kuliko bomba la dawa mgongoni.

Mwanafunzi wa chuo kikuu atamaniye utabibu, na ambaye moyo wake umeshikwa na utafiti wa insafu katika afya, namwomba aanzie hapo. Kwani ilidhihirika kwa hesabu zile, wala si kwa hotuba, ya kuwa mbu walipopungua vifo vya watoto wachanga vilipungua pia, na ya kuwa baada ya upulizaji kukoma mwaka 1959 maradhi yalirejea polepole. Hesabu hizo zingali zikisomwa na wataalamu. Amkumbukaye aliyeshika koleo ni nadra.