Sikio la Mjukuu
Mjukuu wangu wa miaka 14 alipopiga ukulele yake ya bei rahisi, nilimwambia hana sikio. Nilikosea. Uzi ukiachwa wazi ulikuwa sawa. Ukibanwa kwenye mstari wa 12 shingoni, ambapo ulipaswa kurudia sauti ileile oktava moja juu, ulipotoka. Kosa lilikuwa la chombo.

Tulipotafuta kingine, sikutazama urembo. Tuliujaribu kwanza mstari huo, uzi kwa uzi. Kisha tukahakikisha nyuzi hazikuinuka mno hata zikaumiza vidole. Uso wa mbao halisi badala ya plaiwudi huongeza utamu, lakini huo huja baada ya usahihi. Tulikipata, bila kufilisika.

Sasa nawawaza wanafunzi wangu niliowaambia hawana sikio.