Tabibu Bila Tabiba: Kazi ya Mwanamke Daktari katika Maandishi ya El Saadawi, Ogola na Ogot

Kiswahili kilipolichukua neno tabibu kutoka Kiarabu, hakikulichukua tabiba. Lugha pokezi haikuwa na haja nalo, kwani ngeli ya A-WA haibagui jinsia: daktari, muuguzi, mkunga na mganga wote huafikiana na kitenzi kwa namna moja. Ingetarajiwa basi kwamba msemaji wa Kiswahili atakuwa huru na ubaguzi ambao Kiarabu huubeba katika kiishio cha nomino. Hali haiko hivyo. Katika wodi za Kenya mwanamke aliyevaa koti jeupe aghalabu huitwa "sista" kabla hajafungua kinywa, hata akiwa ndiye mpasuaji, ilhali mwanamume anayesukuma kitanda cha mgonjwa hufaidi kuitwa "daktari". Hata cheo kinapotajwa kwa usahihi, hupachikwa mkia: daktari wa kike. Ni nadra kusikia daktari wa kiume. Jinsia iliyokosekana katika sarufi imerejeshwa na matumizi.

Suala hili si la istilahi tu. Uhakiki wa Kiswahili kuhusu usawiri wa wahusika wa kike umezoea kuvihesabu vyeo. Mhusika akiwa mwalimu, wakili au daktari, mhakiki hutangaza kwamba huyu ni mwanamke mpya aliyejikomboa, kisha akageukia maudhui mengine. Kazi yenyewe, yaani zamu, mshahara, likizo, nani humwamrisha nani, na mikono ya nani hugusa uchafu, haiulizwi. Kwa mtazamo huo shahada ndiyo ukombozi. Maandishi matatu ya wanawake waliosomea tiba au uuguzi yanatosha kuutia mashaka msimamo huo.

Nawal El Saadawi, aliyehitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1955, aliliweka neno tabiba katika anwani ya riwaya yake ya mwanzo, Mudhakkirat Tabiba. Msimulizi wake hana jina. Anaichagua tiba kwa kuwa ndiyo inayotisha na kuheshimiwa, na kwa kuwa nyumbani kaka yake hucheza huku yeye akiitwa jikoni. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni ile ya chumba cha kupasulia maiti. Binti aliyefundishwa kuuonea haya mwili wake anasimama na kisu mbele ya mwili uchi wa mwanamume, na ule utukufu wote aliosimuliwa na mama yake unageuka nyama na mishipa. Hapa sayansi inafanya kazi ya hoja: mizani ya jinsia haionekani popote ndani ya mwili uliopasuliwa. Lakini maarifa hayo hayamlindi nje ya chumba. Akiolewa, mume aliyemstahi kama daktari anamtaka aifunge zahanati yake, naye anachagua talaka. El Saadawi anajua kwamba cheo cha mke hakifutiki pale panapoongezwa cheo cha daktari, bali viwili hivyo hugongana. Dosari ya riwaya ni upweke wake. Tabiba huyu anapambana na mama, mume na majirani. Hospitali kama mwajiri haimkabili sana. Ajabu ni kwamba maisha ya mwandishi yaliyofuata yalikuwa na kisa hicho hasa: mwaka 1972 alifutwa kazi katika Wizara ya Afya ya Misri baada ya kuchapisha kitabu kuhusu mwanamke na jinsia.

Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na The River and the Source, iliyotoka mwaka 1994, ilitunukiwa tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Wandia, mke wa Aoro ambaye ni kitukuu wa Akoko, ni mwanafunzi hodari wa tiba anayempita mumewe mtarajiwa katika mtihani, kisha anapanda hadi ngazi za juu za taaluma hiyo. Msomaji anafurahi. Hata hivyo, usawa wa Wandia unategemea wema wa Aoro. Laiti angeolewa na yule mhandisi wa El Saadawi, riwaya isingekuwa na taasisi yoyote ya kumwegemeza. Yamkini itajibiwa kwamba masimulizi ya vizazi vinne hayana nafasi ya kukawia wodini. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mwandishi huyohuyo anakawia sana na Akoko, mjane anayefunga safari ya miguu hadi Kisumu kumshtaki shemejiye mbele ya mkuu wa wilaya. Bibi asiyejua kusoma anayo ofisi ya kuishtakia dhuluma. Daktari hana hata dhuluma ya kushtaki. Riwaya ilipotoka, Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilikuwa ikimpa mfanyakazi wa kike miezi miwili ya likizo ya uzazi, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2007 tu, likizo ikawa miezi mitatu. Mama daktari wa miaka hiyo alizaa chini ya sheria hiyo, lakini mafanikio ya Wandia yanasimuliwa kana kwamba hayakuwahi kupitia ofisi ya mwajiri.

Inabidi kurudi nyuma hadi 1968, katika mkusanyiko wa Land Without Thunder, ili kuikuta hospitali kama mahali pa kazi. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga aliyefunzwa Uganda na Uingereza. Hadithi yake "The Old White Witch" inawahusu wauguzi Waafrika wa hospitali ya misheni wanaokataa amri ya kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa na kugoma. Imezoeleka kusomwa kama mgongano wa mila na Ukristo, na kweli mila imo. Lakini ni mgogoro wa kazi vilevile: kuna amri, kuna daraja, kuna wafanyakazi wanaojua kwamba heshima yao kijijini itapimwa kwa kile wanachokibeba wodini. Muuguzi katika hadithi hii ana wenzake, jambo ambalo tabiba wa El Saadawi na Wandia wote wawili wamenyimwa.

Hata hivyo Ogot naye hajanusurika. Anayetoa amri ni matroni, mwanamke mwenye mamlaka, na lakabu aliyopewa ni ya mchawi, kinyume kamili cha mganga. Lakabu hiyo imekusanya umri, rangi na jinsia yake kwa pamoja, na ndiyo iliyopanda hadi kwenye anwani. Mwanamume wa cheo hicho, akitoa amri ileile katika wodi ileile, angechukiwa pia. Lakini si rahisi kudhani kwamba angeitwa mchawi.