Kusamehe na Kufungua Mlango

Days of Wine and Roses, filamu ya Blake Edwards ya mwaka 1962, si filamu ya dini. Hata hivyo inagusa swali ambalo sisi wachungaji huletewa mara nyingi: mpendwa aliyepotelea kwenye pombe akirudi na kubisha hodi, tumfanyeje?

Joe Clay (Jack Lemmon) na Kirsten (Lee Remick) wanaishi San Francisco, Marekani. Kirsten hakuwa mnywaji. Alipenda chokoleti tu. Joe ndiye aliyemwagizia kileo cha kwanza, kitamu, chenye ladha hiyo hiyo. Wakaoana, wakapata binti, wakalewa pamoja mpaka maisha yao yakasambaratika. Baadaye Joe anasaidiwa na Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaoshikana mikono ili waache, ulioanza mwaka 1935. Kirsten anakataa kukiri kwamba amefungwa.

Mwishoni Kirsten anarudi usiku. Hajanywa kwa muda mfupi, naye anaomba warudiane, lakini hawezi kukubali kuiacha pombe kabisa. Joe bado anampenda. Binti yao amelala. Joe anamkatalia, kisha anabaki dirishani akimtazama anavyokwenda zake.

Je, Joe amekosa upendo? Wengine watatukumbusha baba wa mwana mpotevu katika Luka 15. Ni kweli, baba yule alikimbia kabla mwana hajamaliza kuungama, maana neema hutangulia. Lakini mwana aliwaacha nguruwe kule kule ugenini. Kirsten anaomba aingie nao.

Hapa filamu inatufundisha jambo ambalo mahubiri yetu hulisahau. Kusamehe ni kuachilia deni; kumrudishia mtu ufunguo wa nyumba ni jambo jingine. Mara ngapi tumemwambia mama mwenye watoto, "Samehe, mpokee," bila kuuliza watoto watalala salama au la? Mwaka 1937 Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, alionya juu ya neema rahisi, yaani msamaha usiodai toba. Neema ya namna hiyo haimponyi mlevi, nayo humwangamiza anayeishi naye.

Ubora wa filamu ni kwamba haimgeuzi Joe kuwa hakimu mtakatifu. Yeye ndiye aliyempa mkewe glasi ya kwanza, na anajua kwamba glasi moja tu inaweza kumrudisha shimoni. Anakataa kama mgonjwa anayemwambia mgonjwa mwenzake ukweli, wala hasemi kwamba mlango umefungwa milele. Sisi Walutheri, tunaokiri kwamba aliyehesabiwa haki angali mwenye dhambi, tunapaswa kumwelewa.

Lakini filamu inatuachia jeraha moja. Kirsten anatembea peke yake gizani, na hakuna anayemfuata. Joe hakuweza, alikuwa na mtoto wa kulinda na uzima wake mwenyewe ulikuwa bado mchanga. Kazi hiyo ilihitaji watu wengine, wasio na jeraha lile, wenye muda na uvumilivu.

Watu hao ndio usharika. Tusimlazimishe aliyeumizwa afungue mlango, kisha sisi tukarudi majumbani mwetu kulala. Yeye na abaki ndani na watoto wake kwa amani. Sisi tutoke, tumfuate yule aliye barabarani.