Heshima kwa Kichwa cha Grafu

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015–16 uliupa mkoa wa Katavi namba ambayo bado inatajwa vikaoni: 45. Hakuna mkoa uliouzidi. Kwa taifa zima ilikuwa asilimia 27. Ukikuta grafu ya namba hiyo imeandikwa juu yake "Mimba za utotoni, Katavi", utaondoka ukiamini kwamba karibu nusu ya watoto wa kike wa mkoa huo ni wajawazito.

Utafiti haukusema hivyo. Uliwahesabu wasichana wa miaka 15 hadi 19, wakiwamo wa miaka 18 na 19 ambao kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 si watoto tena, kisha ukawajumlisha waliokwisha kuzaa na wenye mimba ya kwanza. Jambo lenyewe ni zito hata likisemwa kwa usahihi, na ndiyo maana linastahili kusemwa kwa usahihi.

Kichwa sahihi cha grafu hiyo kingekuwa hivi: "Asilimia ya wasichana wa miaka 15–19 waliokwisha kuzaa au wenye mimba ya kwanza, kimkoa, Tanzania, 2015–16". Ni kirefu. Mbunifu wa mabango atataka kukikata, nami nitamwomba apunguze rangi kwanza.

Tukichambue kidogo. "Asilimia" inamzuia msomaji asidhani anaonyeshwa idadi ya vichwa, kwa kuwa mkoa wenye watu wengi unaweza kuwa na asilimia ndogo na bado ukawa na wasichana wengi zaidi wanaohitaji msaada. "Waliokwisha kuzaa" inafanya kazi kubwa kuliko zote. Inamwingiza kwenye hesabu binti wa miaka 19 aliyezaa akiwa na 16, ambaye leo hana mimba ila ana mtoto anayekimbia uani. Huyo kliniki ya wajawazito haimtoshi. Anahitaji uzazi wa mpango, kipato, na nafasi ya kurudi darasani, ambayo serikali iliifungua Novemba 2021. Ofisa anayepanga bajeti ya halmashauri akisoma "mimba" peke yake, binti huyu anapotea kwenye mpango. Halafu mwaka: utafiti wa 2022 ulionyesha wastani wa taifa umeshuka hadi asilimia 22, lakini bango lisilo na mwaka litaendelea kusema ya zamani kana kwamba ni ya leo asubuhi.

Kazi ya mwandishi wa vichwa vya grafu, basi, ni kuuliza maswali ambayo msomaji hatapata nafasi ya kuyauliza: nini kimehesabiwa, kwa nani, wapi, lini, kwa kipimo gani. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale aliyauliza. Mchoro wake wa 1858 husifiwa kwa umbo lake la ua, ila mimi huanza na maneno ya juu: sababu za vifo, katika jeshi lililokuwa Mashariki, Aprili 1854 hadi Machi 1855. Kabla hujaangalia rangi, umeshajua wanaozungumziwa.

Katavi inadai uangalifu huu kuliko mikoa mingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hapo kichwa kinaweza kutoa habari moja kwa moja: "Watu wa Katavi wameongezeka zaidi ya maradufu, 2012–2022". Lakini anayetaka kuirudisha grafu hadi sensa ya 2002 ana deni la kueleza, kwa sababu wakati huo mkoa haukuwapo. Mpanda ilihesabiwa kama wilaya ya Rukwa. Asipoandika hivyo, msomaji hana pa kulijulia jambo hilo.

Namfikiria muuguzi wa zahanati, labda Karema au Mishamo, anayejaza chati ya chanjo ukutani kutoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, mwisho wa mwezi. Akiandika juu yake "Chanjo", amefanya hesabu nzuri isiyosomeka. Akiandika "Watoto chini ya mwaka mmoja waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, vijiji vya zahanati hii, Januari hadi Desemba", pamoja na mwaka, basi mwenyekiti wa kijiji anaweza kuisoma bila mkalimani, na akauliza kwa nini mstari ulilala wakati wa masika.

Ndugu mganga, mwalimu, mtendaji wa kata: kabla ya kubandika grafu ya robo hii, mpe mtu asiyekuwapo kwenye kikao kichwa chake peke yake, akueleze kilichohesabiwa. Akishindwa, kiandike upya.