Mlima, Tombo na Kabila: Jina la Waluguru Vitabuni

Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke juu ya milima iliyo nyuma ya Morogoro kilitoka mwaka 1960 kwa majina mawili. London kiliitwa Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Marekani kikaitwa Smoke in the Hills. Jina la kwanza lataja watu, la pili lataja vilima. Yamkini badiliko hilo lilifanywa kwa ajili ya wanunuzi tu, walakini limegusa swali ambalo kitabu chenyewe hakikulikabili sawasawa: Mluguru ni nani?

Jina lina jibu lake. Shina lake ni neno la mlima, lugulu, na kiambishi lu- cha ngeli ya neno hilo hakikuondoka lilipopokea u- ya nchi na wa- ya watu. Mluguru, basi, ni mtu wa mlimani, kama Mswahili kwa asili ya jina lake alivyo mtu wa pwani. Si jina la babu mmoja. Masimulizi ya koo hutaja wazee waliotoka pande mbalimbali wakapanda milimani, na huko juu mtu hujulikana kwanza kwa ukoo wa mama yake, kisha kwa tombo lake. Tombo kwa Kiluguru ni titi; ndilo jina la kundi la watu wanaohesabu uzazi wao kwa bibi mmoja, wenye ardhi yao chini ya mkubwa wao, mndewa. Matombo, mahali penye misheni ya zamani, paliitwa hivyo kwa vilele viwili vilivyofanana na matiti. Neno moja lashika uzazi na mahali pia.

Nguvu ya Young na Fosbrooke i katika habari za mwaka 1955, wakulima walipokataa kuchimba matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali, ghasia zikazuka Matombo, na mtu mmoja akauawa. Waandishi waliona jambo ambalo mabwana shamba hawakuliona: amri ilipita kwa sultani na majumbe, na ardhi ilikuwa mikononi mwa matombo. Uchunguzi huo haujapoteza thamani. Lakini kama mamlaka ya ardhi yaligawanyika hivyo, ni kwa haki gani jalada la London latangaza watu wamoja, kana kwamba umoja huo ulikuwako kabla ya sultani aliyewekwa kuutawala?

Padre C. Mzuanda, aliyetangulia kwa miaka miwili, aliandika kwa Kiswahili na kukiita kitabu chake Historia ya Uluguru. Hakusema ya Waluguru. Haifai kulitwisha jina la kitabu mzigo mkubwa. Hata hivyo, kuianza habari kwa nchi kwawaacha watu wa koo nyingi waingie kila mmoja kwa mlango wake.

Peter Pels, katika makala yake ya mwaka 1996 na kitabu chake A Politics of Presence cha mwaka 1999, amekwenda mbali zaidi. Kwake yeye siasa ya Uluguru chini ya Waingereza ilikuwa kama pijini: msamiati mfupi uliowawezesha watawala na wenyeji kushughulika pamoja bila kuelewana kwa kina. Mfano huo ni mzuri, nao una kasoro. Pijini ni lugha iliyopunguzwa, hali Kiswahili kilichonenwa barazani kilikuwa lugha kamili. Upungufu haukuwa katika lugha, ulikuwa katika kulinganisha maneno. Ndani ya neno mndewa mna bibi, mna wajomba na wapwa, mna mashamba yao na makaburi yao. Ndani ya neno jumbe, lililopandishwa kutoka pwani, mlikuwa na mipaka na kodi. Aliyeliweka la pili mahali pa la kwanza alisema Kiswahili fasaha, akakosea.

Kosa hilo halikuondoka na Waingereza. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa mvua, na ambaye cheo chake hushuka kwa upande wa mama, bado huandikwa magazetini kuwa chifu wa Waluguru. Kati ya maneno hayo, chifu ni la Kiingereza, na Waluguru ni la mlima. Lililobaki la cheo chenyewe ni Kingalu, nalo halijapata tafsiri.