Kihariri na Karakana: Zana za Watunga Programu

Bill Joy alitunga kihariri cha vi mwaka 1976. Eclipse ilitolewa na IBM mwaka 2001. Cha kwanza ni cha kuandikia matini tu; ya pili hukusanya uandishi, majaribio na utafutaji wa makosa chini ya paa moja. Kuiita zana hii ya pili “mazingira unganishi” ni kufasiri neno kwa neno. “Karakana” lafaa zaidi.

Ubishi juu ya zana hizi wawahusu pia watunga programu wa Dar es Salaam, toka Kijitonyama, ilipo Tume ya Sayansi na Teknolojia, hata Mbagala katika Temeke. Watetezi wa kihariri hudai kwamba karakana humlemaza fundi kwa kumkamilishia maneno. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwenye kompyuta kuukuu hashiki kihariri kwa falsafa, bali kwa kuwa karakana hula kumbukumbu nyingi ya mashine.

Kwa wanaoshughulikia lugha, liko jambo kubwa zaidi. Maneno ya msingi ya Java ni ya Kiingereza, lakini majina ya vitu ndani ya programu huachiwa mtunzi. Akiandika nauliYaBasi mara moja, karakana humkumbusha jina hilo kila alihitajipo, na akitaka kulisahihisha, hulisahihisha pote. Vi halisi haina msaada huo. Basi ukamilishaji unaolaumiwa waweza kukihifadhi Kiswahili, mradi mtunzi mwenyewe akitangulize. Akianza kwa Kiingereza, karakana nayo itamkamilishia Kiingereza.