Ugumu wa Msanii Mkongwe: Bi Kidude, Ukweli wa Jukwaani na Mizani ya Soko la Toi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza sifa moja ambayo hutajwa mara kwa mara juu ya wanawake waliozeekea jukwaani, nayo ni kwamba wao ni "wagumu". Sifa hiyo huchukuliwa kuwa ni habari ya tabia ya msanii tu, na kwa hiyo huachiwa magazeti na mazungumzo ya barazani. Itaonyeshwa hapa kwamba ni suala la uhakiki, na kwamba mhakiki asiyelichunguza hujikuta akiihukumu sanaa kwa kipimo asichokijua.

Yafaa kuanzia sokoni, mahali ambapo neno hili lina maana iliyo wazi. Katika Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera jijini Nairobi, marobota ya mitumba hufunguliwa asubuhi, na wanunuzi kutoka Kibera, Kawangware na mitaa mingine huzigombea nguo za mkupuo wa kwanza, zile ziitwazo "kamera". Desturi ya soko ni kupatana. Muuzaji hutaja bei asiyoitarajia, mnunuzi hutaja bei asiyoiamini, kisha wakakutana njiani. Mama anayetaja bei yake ya mwisho tangu mwanzo, na asiteremke, huitwa mgumu. Lakini ni dhahiri kwamba mama huyo hakusema uongo, wala hakumdhulumu mtu. Kosa lake ni kuuvunja mchezo ambao wengine wote wamekubali kuucheza. Ugumu, basi, hautuelezi moyo wa muuzaji, bali hutueleza matarajio ya mnunuzi.

Mfano ulio bora wa jambo hili katika sanaa ya Waswahili ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, na aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili, 2013. Alizaliwa Mfagimaringo mwanzoni mwa karne ya ishirini, akaimba taarab, akapiga ngoma ya unyago, na katika uzee wake akazunguka Ulaya na kwingineko. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Pamoja na heshima hizo, wako waliomwona kuwa ni mjuba asiye na haya. Alivuta sigara na kunywa pombe bila ya kujificha katika jamii ya Kiislamu, alisimulia bila kigugumizi habari za ndoa zilizomshinda, na hakupenda kuelekezwa namna ya kuishi.

Ili kuuelewa uzito wa lawama hizo, ni lazima zitofautishwe mila mbili za usemi ambazo msanii huyu alizirithi. Ya kwanza ni ya taarab. Taarab ni sanaa ya fumbo: mtu husema juu ya ua, tunda au chombo baharini, na anayehusika akajitambua mwenyewe. Fumbo humhifadhi msemaji, kwani daima anaweza kukana. Humhifadhi pia msemwa, kwani hakutajwa. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, na ambaye nyimbo zake Bi Kidude alizikariri na kuziendeleza, alikuwa bingwa wa mila hiyo. Kejeli za washindani wake alizijibu kwa wimbo. Naye Shaaban Robert, alipouandika wasifu wa Siti, alimjenga kuwa kielelezo cha subira na adabu. Huo ndio mwanamke wa jukwaani ambaye fasihi ya Kiswahili ilimkubali tangu mapema: aliyedharauliwa, akastahimili, akashinda kwa heshima.

Mila ya pili ni ya unyago. Humo, mambo ya mwili na ya ndoa husemwa na kuigizwa waziwazi, kwa kuwa mwari hawezi kufundishwa na lugha inayokwepa. Lakini uwazi huo una mipaka. Ni wa wanawake peke yao, na ni wa mahali palipofungwa. Kwa hiyo jamii ya mwambao haikuukataza ukweli wa mwanamke, bali iliupangia chumba.

Hoja ya makala haya ni kwamba Bi Kidude aliuondoa ukuta uliotenga mila hizo mbili. Siti aliimba akiwa amejifunika uso. Bi Kidude aliimba uso wazi. Ngoma ya unyago aliitoa mbele ya hadhira ya kila namna, wanaume na wageni wakiwamo. Muhimu zaidi, aliuchukua usemi wa kungwi na kuutumia nje ya unyago, akimsemesha kila mtu kana kwamba ni mwari anayehitaji kuambiwa mambo yalivyo. Walioitwa kusikiliza fumbo walipewa tamko. Walikuja kupatana, wakapewa bei ya mwisho.

Huenda ikadaiwa kwamba uwazi huo ulikuwa bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, waliofurahia kumwona bibi kizee mwenye sigara mkononi. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwa kuwa wapo waliomsifu kwa sigara yake wasiusikie wimbo wake. Hata hivyo sifa za namna hiyo ni ndugu wa zile lawama, maana zote mbili hutazama tabia na kuiacha sanaa. Tena dai hilo halielezi jambo moja. Juu ya umri wake, swali ambalo wageni walilipenda kuliko yote, Bi Kidude hakutoa tarehe. Alirejelea zama za rupia, fedha iliyoacha kutumika Unguja mwaka 1936, akamwachia msikilizaji kazi ya kuhesabu. Huyu aliyesemekana hana siri alijua vyema kufumba alipotaka. Basi uwazi wake haukuwa udhaifu wa ulimi, bali uteuzi wa msanii anayejua lipi la kutamka na lipi la kufumba.

Ikumbukwe pia kwamba wahakiki wenyewe hawana msimamo mmoja katika suala hili. Katika tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), Lanina huwaongoza wafanyakazi na kusema asiyotakiwa kusema, naye analaumiwa hata na wa nyumbani mwake. Darasani Lanina husifiwa kuwa mwanamke mwanamapinduzi. Lakini mwanamke aliye hai akisema vivyo hivyo juu ya malipo, ndoa au uzee wake, husemwa kuwa ana matatizo. Lanina ni rahisi kumpenda kwa sababu hawezi kumjibu mhakiki. Mhusika wa kitabuni haombi ujira wala hakatai kupigwa picha.

Kwa hiyo inapasa swali libadilishwe. Badala ya kuuliza kama msanii ni mgumu, mhakiki aulize: ni mapatano gani aliyoyakataa, na nani angefaidika kama angeyakubali? Kwa Bi Kidude jibu li wazi. Alikataa kwamba ukweli wa wanawake ubaki chumbani ilhali fumbo lake linashangiliwa ukumbini. Viongozi wa nchi walihudhuria mazishi yake, na lawama zikageuka kumbukumbu tamu. Heshima hiyo ilistahili, ila yafaa isiufunike ukweli kwamba marehemu husifiwa kwa urahisi, kwani hataji bei tena.

Huko Toi, mama mgumu huwa na wateja wake wa siku zote. Hawampendi kwa maneno matamu, kwa kuwa hana. Humrudia kwa sababu nguo aliyoisema nzima ni nzima, na yenye tundu huwaonyesha tundu lenyewe kabla hawajalipa.